Heshima ya Mwanamke Mwimbaji

Akina mama wenzetu, nani kati yetu hajapata kuhudhuria arusi ya pwani akaona jinsi mwimbaji anavyotuzwa? Mwimbaji amesimama mbele, kipaza sauti mkononi, amejitanda mtandio wake vizuri. Mara mama mmoja anainuka kitini, noti ameibana katikati ya vidole, anakwenda mbele taratibu kwa madaha, anaizungusha noti ile juu ya kichwa cha mwimbaji, halafu anamtia mkononi. Akirudi kukaa, mwingine naye huinuka. Hilo ndilo tunaloliita kutuza, na ndiko lilikotoka neno tuzo.

Siku hizi neno hilo limepanda cheo. Tukisikia tuzo tunafikiria vikombe, nishani, vyeti vyenye mihuri na picha za magazetini. Hata hivyo tuzo ya kwanza kabisa ya mwimbaji wa kwetu ilikuwa ni mama mwenzake kuinuka kitini mbele ya watu. Kwa maneno mengine, alikuwa akisema, "Umeyasema yaliyo moyoni mwangu."

Tumeanza na habari hii kwa sababu nyumbani kwetu lilizuka jambo, na tunaamini nyumba nyingi za wasomaji wetu zinalo au zitakuja kuwa nalo. Binti yetu wa pili alimaliza kidato cha sita. Anaimba kwaya tangu akiwa Shule ya Jumapili, na sauti anayo, si kwa sababu ni mtoto wetu. Jioni moja baada ya chakula akasema anataka kuimba iwe ndiyo kazi yake ya maisha. Baba yake akaweka kikombe chini akasema, "Mwimbaji ana heshima gani? Nitajie mmoja." Binti akajibu kwa adabu, "Baba, nikiimba kanisani mnanipigia makofi. Mbona nikilipwa ndipo inapokuwa aibu?"

Hakuna aliyelala vizuri usiku ule. Sisi kazi yetu ni uuguzi, si muziki. Lakini swali la baba yake lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu la haki. Tukaamua kutafuta majina, tena si ya mbali, bali ya pwani hii hii yetu. Tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea leo.

MUUZA VYUNGU WA FUMBA

Jina la kwanza ni Siti binti Saad. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa wa asili ya Unyamwezi na mama yake wa asili ya Uzigua, yaani damu ya huku kwetu Tanga. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini kabisa katika Unguja ya wakati ule wa utumwa, hata mtoto wao akapewa jina la Mtumwa. Hebu fikirini, akina mama, mtoto mchanga anapewa jina la namna hiyo akiwa bado mikononi mwa mkunga!

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alibeba vyungu kichwani kutoka shamba hadi mjini, akapita mitaani akinadi bidhaa yake. Watu wakaanza kuitambua sauti yake kabla ya kumwona mwenyewe. Hakusoma shule. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akapata watu wa kumfundisha kuimba kwa taratibu za taarabu.

Ni vizuri tukumbuke taarabu ilikuwa nini siku zile. Ilikuwa burudani ya kasri la Sultani na ya wakubwa, iliyoletwa kutoka Misri wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Iliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Hapo katikati ndipo akaingia mwanamke muuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili, lugha ya jikoni na ya kisimani. Watu wakampa jina jipya la Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Hiyo twaweza kusema ndiyo nishani yake ya kwanza, nayo haikuvaliwa shingoni. Mtumwa akawa Siti.

Mwaka 1928 Siti na wapigaji wenzake walipanda meli kwenda Bombay, Bara Hindi, kurekodi sahani za santuri katika kampuni ya His Master's Voice. Kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo. Kufikia mwaka 1931 sahani za kikundi chake zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Tukumbuke kwamba zama zile santuri ilikuwa mali ya mwenye nacho, na sahani moja ilisikilizwa na mtaa mzima, kwenye mikahawa na vibarazani, mwambao wote mpaka bara.

WALIOMCHEKA, NA ALIOWATETEA

Msidhani mambo yalikuwa laini. Wenye wivu walimtungia nyimbo za kumsuta. Walisema hana uzuri, hana ukoo, ni mtu wa shamba aliyekuja mjini amebeba vyungu. Siti hakuwatukana. Alijibu kwa wimbo, akasema kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Tunadhani jibu hilo lingefaa kufundishwa kwa kila binti anayerudi shuleni analia kwa sababu wenzake wamemcheka rangi au umbo.

Lililotugusa zaidi sisi tulio wauguzi ni wimbo wake uitwao Kijiti. Unahusu kisa kilichotokea kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, naye akiwa mjamzito, alikwenda Unguja kutembea, akaangukia mikononi mwa mwanaume aliyemfanyia ukatili na kumuua. Mwanaume yule akatoroka kuvuka bahari. Sheria ya wakoloni, iliposhindwa kumpata mwenye damu mikononi, ikawafunga wanawake wenyeji wa yule marehemu. Siti akasimama mbele ya watu akaimba habari ile, watu wakajua kwamba haki imepinda.

Wenzetu, sisi tumekaa wodini zaidi ya miaka 20. Tumewapokea akina mama wenye majeraha ambao midomo yao inasema "nimeanguka ngazini" huku nyumba wanazoishi hazina ngazi. Tunajua jinsi ilivyo vigumu mwanamke kusema yaliyompata, na jinsi lawama inavyozunguka ikamrudia yeye mwenyewe. Kumbe karibu miaka 100 iliyopita palikuwa na mwanamke asiyejua kusoma aliyeyasema hayo kwa sauti kubwa, tena katika lugha ambayo kila mtu aliielewa. Ndiyo maana Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotoa jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Waandishi waliokwenda shule walichukua jina la mama aliyeuza vyungu. Heshima ya namna hiyo hainunuliwi.

KALAMU YA MTU WA TANGA

Heshima nyingine aliipata kutoka kwetu. Sheikh Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Kiswahili, alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Alimwendea Siti katika siku za mwisho za maisha yake, akasikiliza habari zake, kisha akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti mwenyewe alikuwa amekwisha fariki, mwaka 1950. Naye Shaaban Robert alifariki mwaka 1962.

Tafakarini jambo hilo kidogo. Katika zama zile vitabu vya wasifu viliandikwa juu ya wafalme, wapelelezi wa Kizungu na wamisionari. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu, tena mwanaume, aliona maisha ya mwanamke mwimbaji yanastahili kitabu kizima. Vizazi vya wanafunzi wamekisoma. Tulipomtajia baba watoto jambo hili, alinyamaza kwa muda, kwa maana Shaaban Robert kwake ni mtu asiyepingwa. Kisha akasema, "Huyo ni wa Unguja, na wa zamani. Nitajie wa kwetu."

SAUTI ILIYOTOKA PANGANI

Wa kwetu yupo. Ni marehemu Bi Shakila Saidi, aliyezaliwa Pangani katika miaka ya 1940, mji ule wa minazi na kivuko, mto unapoingia baharini. Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa mji wa mkonge, wa reli na bandari, na wa muziki. Palikuwa na bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na upande wa taarabu palikuwa na Black Star Musical Club, kisha Lucky Star. Bi Shakila aliimba Black Star, baadaye Lucky Star, na miaka ya 1980 akawa na kikundi cha taarabu cha Jeshi la Kujenga Taifa, Dar es Salaam.

Taarabu ya Tanga haikuwa nakala ya Unguja. Unguja walikuwa na kundi kubwa la fidla, udi, kanuni na nai. Tanga walikuwa wachache tu jukwaani, wakaingiza gitaa la umeme, besi na kinanda, na ngoma ndogo za kuipa mwendo. Muziki ukawa mwepesi, na mwimbaji akasikika kila neno. Ndiyo sababu maneno ya Bi Shakila yalikaa vichwani mwa watu. Santuri za vikundi vya Tanga zilivuka mpaka zikauzwa Mombasa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikazipeleka nyumba kwa nyumba. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa zama hizo tuliisikia sauti yake mama zetu wakichambua mchele jioni. Mwaka 1989 nyimbo za Black Star na Lucky Star zilitolewa Uingereza katika mkusanyo ulioitwa Nyota, na wageni wasiojua Tanga iko wapi wakaijua kwa muziki wake.

Mmoja wa nyimbo zake uliojulikana sana unaitwa Macho Yanacheka. Hatuhitaji kuunukuu, kwa maana kila mwanamke wa pwani anajua macho yakicheka ni wapi kunakolia. Wauguzi tunaliona hilo kila asubuhi. Mama anakuja na mtoto kliniki, amevaa kanga mpya, anatabasamu, anajibu "nzuri" kwa kila swali. Ukimvuta pembeni ukamuuliza mara ya pili kwa upole, ndipo machozi yanapotoka. Mwimbaji yule aliuliza swali lile la pili mbele ya nchi nzima, na akina mama wengi wakapata maneno ya jambo walilokuwa hawajui jinsi ya kulisema.

Bi Shakila alifariki Dar es Salaam tarehe 19 Agosti 2016. Taifa lilimlilia, magazeti na redio zikamtaja kuwa malkia wa taarabu. Sisi tulisikiliza redio siku ile tukiwa zamu, na tukajiuliza kama ukumbi wowote wa Tanga au barabara yoyote ya Pangani itakuja kuitwa kwa jina lake.

NA WALIOTUZWA WAKIWA HAI

Wapo waliopata kuziona tuzo zao. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akaimba taarabu na kupiga ngoma za unyago. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, mkutano mkubwa wa muziki wa dunia unaofanyika Ulaya. Wakati huo alikuwa bibi mzee sana. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Ulimwengu ulichelewa, lakini ulimkuta angali hai.

Hata mbali na kwetu mambo hufanana. Huko Marekani wana muziki wao wa mashamba na milimani, unaoitwa kantri. Mwimbaji wake mmoja mashuhuri, Loretta Lynn, alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Kentucky, binti wa mchimba makaa ya mawe. Aliolewa akiwa na umri wa miaka 15, akazaa watoto sita. Aliimba mambo ya nyumbani: mume mlevi, uchovu wa kuzaa, umaskini usio wa aibu. Mwaka 1972 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka na chama cha muziki huo. Mwaka 1988 jina lake likaingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa kantri, na mwaka 2013 Rais Barack Obama akamtunukia Nishani ya Uhuru ya Rais, mojawapo ya nishani kubwa kuliko zote za raia nchini mwake. Alifariki mwaka 2022.

Tunapomweka mama huyo karibu na Siti na Bi Shakila, tunaona sauti hazikupishana sana wala mambo waliyoyaimba. Kilichopishana ni jinsi watu wao walivyoweka kumbukumbu. Kwa wenzetu ipo nyumba yenye majina ya waimbaji ukutani, na mtoto akiuliza "mwimbaji ana heshima gani?" anashikwa mkono akaonyeshwa. Sisi tunategemea mama akumbuke.

BIBI WA KITANDA CHA DIRISHANI

Wapo pia ambao hakuna aliyewatuza, na hao ndio wengi. Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi moja ya wanawake tuliyokuwa tukihudumu, alilazwa bibi mmoja mwenye shinikizo la damu. Miguu ilikuwa imevimba, na wa kumletea chakula alikuwa mjukuu wa darasa la tano tu. Usiku mmoja tulikuwa na msichana aliyepoteza mimba yake ya kwanza. Alilia mpaka wenzake wakakosa usingizi. Dawa tulimpa, maneno ya faraja tulimpa, hakunyamaza. Basi yule bibi kutoka kitanda cha dirishani akaanza kuimba, sauti ya chini, nyembamba, lakini imenyooka kama uzi. Wodi nzima ikatulia. Msichana akalia kilio kingine, kile cha kupumua, kisha akalala.

Asubuhi tulimwendea. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, ile sauti umeipata wapi?"

Akacheka. Kumbe ujana wake alikuwa mwitikiaji katika chama kimoja cha taarabu. "Sauti yangu imo katika santuri, mwanangu. Ziliuzwa mpaka ng'ambo."

"Mlilipwaje?"

"Nguo ya sare, na nauli ya kurudi." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Kisha akaongeza, "Kutuzwa nikiwa udongoni kutanifaa nini? Mimi nataka dawa za mwezi huu."

Mchana ule mama mkwe wa yule msichana alileta uji wa mchele kwenye chupa ya chai. Akammiminia mkwewe, kisha bila kuambiwa na mtu akaenda kitanda cha dirishani akammiminia bibi naye, akamshikilia kikombe mpaka akamaliza. Sisi tulikuwa tukiandika mafaili, tukasema moyoni kwamba hiyo nayo ni tuzo. Lakini tuseme kweli, uji hautoshi. Mtu aliyefanya kazi anastahili ujira wake, na kuimba ni kazi.

Siku hizi sheria ipo. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na chombo chake, COSOTA, sasa kinaitwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Sheria hiyo iliweka kwamba haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ili watoto wake nao wale jasho la mzazi. Mwimbaji na mpigaji nao wametajwa, si mtunzi peke yake. Lakini sheria haimfuati mtu kitandani. Ni vyema kazi iandikishwe, na mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Akina mama wangapi wanaorekodi nyimbo, hata za kwaya, wanajua hayo? Wangapi wametia sahihi karatasi kwa kuamini tu maneno mazuri?

TULIVYOAFIKIANA NYUMBANI

Habari hizi zote tulizisimulia mezani, si kwa siku moja. Baba watoto si mtu mgumu. Alipozungumza kwa kirefu tuligundua kwamba wimbo wenyewe haukuwa ukimsumbua. "Naogopa usiku," alisema. "Naogopa wenye fedha wanaodhani wakimtunza mwimbaji wamemnunua. Naogopa azeeke kama yule bibi wenu wa wodini."

Hofu hiyo ni ya kweli, na mama mwenye busara haidharau. Binti yetu aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi, Baba, nisaidie nijilinde, usinizuie." Tukakaa watatu tukaandika katika daftari. Kwanza, atasoma. Bagamoyo kuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako muziki hufundishwa kama fani nyingine yoyote, na mwenye kufaulu hutoka na cheti. Pili, hatatia sahihi karatasi yoyote bila kuileta nyumbani isomwe. Tatu, fedha yake itakuwa yake, benki kwa jina lake, si la kaka wala mjomba wala, akiolewa, la mume peke yake. Nne, safari za usiku atakwenda na mwenzake wa kike, na nyumbani pajulikane alipo.

Baba yake alilisoma daftari lile mara mbili. Hakusema ndiyo wala hapana. Wiki iliyofuata alituuliza nauli ya watu wawili kwenda Bagamoyo ni kiasi gani. Walikwenda wakarudi, na fomu wameileta. Majibu ya chuo bado tunayasubiri, na baba bado ana maswali yake. Lakini neno aibu halijatajwa tena mezani kwetu.

TUFANYE NINI SISI AKINA MAMA?

Hatuwaambii kila binti awe mwimbaji. Mwingine kipawa chake ni kushona, mwingine hesabu, mwingine kulea wagonjwa. Tunaloomba ni kwamba tusikizike kipawa kabla hatujakitazama vizuri. Kabla ya kusema hapana, tuulize: ni kitu gani hasa tunachokiogopa? Huenda kina kinga yake.

Tuwatuze walio hai. Katika kila kanisa na kila mtaa yupo mama aliyetuimbia kwenye arusi na misiba yetu miaka 30 mfululizo, na hatujapata kumuuliza anaishi vipi. Akina mama wa kikundi mnaweza kumwandalia siku yake, mkamtunza hadharani kwa kanga na bahasha, mkamwambia mbele ya wajukuu zake kwamba kazi yake tumeiona. Msisubiri mpaka ifike siku ya kuandaa tanzia.

Tena tuandike. Shaaban Robert alimwendea Siti akamsikiliza, na leo tunamjua. Simu zilizo mikononi mwetu zinaweza kurekodi sauti. Mwulize bibi yako aliimba nini, wapi na lini, na nani alikuwa akipiga. Andika jina lake kamili na mwaka.

Na kama una binti mwenye sauti, leo jioni akiimba akiosha vyombo, usimwambie anyamaze. Kaa kidogo umsikilize, kisha umwulize anataka kuifanyia nini sauti ile.